Mlango wa Juu wa Mama Nidal

Jirani yangu Inshirah, tunayemwita Mama Nidal, anapika maqluba ya kuuza, ule wali wa nyama na mbilingani unaopinduliwa sufuria nzima. Maqluba yake hutoka jikoni ikiwa bado ndani ya sufuria, maana mwenye shughuli ndiye anayeipindua kwenye sinia mbele ya wageni wake. Ikichelewa njiani, wali hulowa, na kinachomwagika siniani ni aibu tupu.

Hapa kwetu mlimani Amman, nani anajua namba ya nyumba yake? Tunaelekezana: mlango wa juu, upande wa barabara, nyuma ya tanuri la mikate, mkono wa kushoto, uliza. Programu ya simu inayomletea wateja ilikuwa na mahali pa kuandika hayo. Wenye programu wakairahisisha. Kikabaki kitufe kimoja kikubwa cha kijani, picha ya nyumba, na ramani inayowapeleka vijana wa pikipiki chini kabisa ya ngazi za mlima, upande wa pili wa nyumba. Wakizitazama zile ngazi, wanaghairi. Juzi ukaja ujumbe: akighairi mmoja tu tena, jiko linafungwa kwenye programu. Na jiko hilo ndilo linalomlisha tangu mumewe afariki.

"Wameondoa, mama," alisema Wisam, mume wa binti yake, baada ya kuitazama simu. "Siku hizi wanataka mambo rahisi."

"Rahisi kwa nani? Kwako wewe unayekuja kula tu?"

"Basi teremka na sufuria mwenyewe."

"Kwa goti hili? Hawajaondoa, wameficha. Lete hiyo simu."

Akaanza kubonyeza. Akalifunga jiko humo simuni bila kutaka, akalifungua. Akageuza lugha ikawa Kituruki, tukahangaika sote watatu kuirudisha. Wisam alicheka mpaka chai ikampalia, nikamwambia akachekee nje. Mama Nidal hakuinua hata kichwa. Kila picha aliigusa mara moja, akaigusa mara mbili, kisha akaikandamiza. Alipofika kwenye ile ya nyumba, akaweka kidole na kukiacha hapo.

Ukurasa mzima ukafunguka. Mahali pa maelekezo palikuwepo, hata pa kurekodi sauti. Nilipandwa na hasira. Kumbe mtu afungiwe riziki yake ili kioo cha simu kipendeze!

Akarekodi. Oda ilipoingia tukakaa mlangoni, sufuria imefungwa kwa taulo. Hodi ikabishwa mlango wa juu. Nilimjua kwa picha yake kwenye programu: ndiye kijana aliyeghairi juzi.

"Leo umepajuaje?" nikamuuliza.

"Nimegombezwa njia nzima," alisema, akionyesha simu yake. "Eti nikithubutu kwenda kwenye ngazi nitajuta. Eti nikipita tanuri bila kumsalimia mwokaji, sikufunzwa adabu. Nimemsalimia, mama."

Mama Nidal akamkabidhi sufuria.

"Haya, nenda. Na wa kesho atanisikia vilevile."