Nguzo ya Katikati

Siku mama alipovunjika nyonga, ufunguo wa nguzo ya katikati ulikuwa kwenye mkoba wangu.

Mwaka ule nilikuwa fundi sanifu katika ofisi inayoshughulikia njia za mji, na kazi niliyopewa ilikuwa kuzuia magari yasiingie kwenye uwanja mdogo wa mtaani kwetu, Mji Mkongwe. Uwanja ule una njia nne. Tatu ni vichochoro ambavyo vespa mbili zikikutana, moja hurudi nyuma. Ya nne ndiyo pana. Inatoka barabara kubwa, imenyooka, na ina mteremko. Sikukuu za Idi watoto huja uwanjani kutoka kila pembe ya mji, wamevishwa, mikono ina hina, wanazunguka kwenye meza za ubuyu na barafu na vitu vya kuchezea mpaka huoni sakafu.

Kabla ya kuanza kazi nilipelekwa semina ya siku mbili Dar es Salaam. Tulioneshwa picha za video za miji ya nje. Watu wamo kwenye maonesho, au wanatoka kununua mahitaji yao, mara gari inaacha barabara na kuwaingilia kwa makusudi. Mwalimu wetu alikuwa akizisimamisha zile picha kabla gari haijawafikia watu, kwa kutuhurumia nadhani, lakini kwangu mimi ilikuwa vibaya zaidi. Nilirudi Unguja na zile nyuso za watu ambao bado hawajageuka.

Tangu hapo gari kwangu haikuwa tena gari. Nikisimama mtaani nilikuwa napima: ikitokea pale, ikikanyagwa mafuta, mpaka pale kwenye meza ya ubuyu itachukua muda gani? Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo na kila mara hesabu ilikuwa fupi mno.

Tukakubaliana ofisini nguzo tano za chuma kwenye mdomo wa ile njia pana, fupi, zinazonifika kiunoni. Nafasi baina yake mtu apite, hamali apite na gari lake la mkono, vespa ipite, gari isipite. Nne zikae moja kwa moja. Ya katikati iwe inang'oka, na kufuli chini, ili gari ya zimamoto au ya wagonjwa ikihitajika ipite.

Fundi aliyezisimamisha alikuwa mzee mmoja ambaye babu yake alikuja kutoka Bara kufanya kazi za ujenzi, na wao wote wameendelea nazo. Siku ya pili ya kuchimba tulikuta jiwe kubwa, msingi wa nyumba ya zamani. Mzee akafuta jasho.

"Mwanangu, tukiishia hapa nguzo itasimama tu. Hapana atakayejua."

"Gari itajua, mzee."

Alinitazama, akaona sitanii, akashika tindo. Tulichelewa siku nne kwa ajili ya jiwe lile, na ofisini nilisemwa.

Nyumbani pia nilisemwa. Mama na mimi tulikaa ghorofa ya pili ya nyumba inayoelekea uwanja huo huo, na yeye alikuwa akizitazama nguzo kutoka dirishani kama mtu anayetazama wageni asiowaalika.

"Mmetufungia kama kuku," aliniambia. "Mtu akiumwa je?"

"Ya katikati inafunguka, mama."

"Na ufunguo?"

"Mmoja uko ofisini, mmoja nnao mimi."

"Basi tuumwe saa za kazi," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Idi iliyofuata ilikuwa ya kwanza tangu nguzo kuwekwa. Sikuwa na zamu, lakini baada ya sala ya laasiri nilijikuta nimesimama pale pale, mgongo kwa watoto, uso kwa barabara. Alikuwapo askari mmoja wa mtaa, kijana mpole, amekaa kwenye baraza anakula barafu ya ukwaju. Nilimwonea wivu. Kila gari ilipopunguza mwendo pale juu nilianza kuhesabu.

Simu ikalia. Jirani yetu wa ghorofa ya kwanza alikuwa analia. "Njoo. Mama yako ameteleza kwenye ngazi."

Nilipasua katikati ya watoto. Mama alikuwa amelala kwenye kituo cha ngazi, pale zinapopinda, kanga imemkaa vibaya, mguu mmoja umegeukia nje. Alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake asipige kelele. Nikaita gari ya wagonjwa. Halafu nikampigia kaka yangu, ambaye anafanya kazi kwenye shamba la viungo Kizimbani; akasema yumo njiani kuja kwetu, anakaribia mjini. Nikamwacha mama na jirani, nikashuka kwenda kupokea gari.

Ilikuja upesi kuliko nilivyotarajia. Ikateremka mpaka kwenye nguzo, dereva akatoa kichwa.

"Nani ana ufunguo?"

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Hapo ndipo nilipoiona pikapu nisiyoijua nyuma yake. Kioo cha mbele kimejaa vumbi, dereva haonekani. Ilikuwa inapiga honi mfululizo, inasogea, inasimama kwa kishindo, inasogea tena. Nyuma yangu watoto waliposikia king'ora walikuwa wamekuja mbio kutazama, wamejibana kwenye nguzo, wengine wamezikalia.

Ile nguzo huinuliwa na watu wawili, na kurudishwa ni kazi zaidi, maana lazima ikae sawa kwenye shimo lake. Nikaona yote kwa mara moja, kama zile picha za semina: nguzo iko chini, gari ya wagonjwa inapenya, pikapu inaifuata, na baina ya honi ile na watoto hakuna kitu.

"Leteni machela," nikasema. "Sifungui."

"Bi, mgonjwa kaumia nyonga. Akibebwa kwa miguu kwenye msongamano huu atateseka."

"Najua. Ni mama yangu. Leteni machela."

Mlango wa pikapu ukafunguka. Akashuka kaka yangu, nguo za shamba, ananuka karafuu, macho mekundu.

"Mbona hamfungui? Fungua!"

Nilitegemea kwamba kumwona kungeniondolea khofu. Haikuondoka. Nyuma ya pikapu yake kulikuwa na gari nyengine, na nyuma ya ile nyengine tena, sikuweza kuziona zote. Nikautoa mkono kwenye mkoba, mtupu.

"Watoto wamejaa, kaka. Tutambeba."

"Mama anakufa ngazini, wewe unalinda vyuma?"

Nikamwonesha nesi wa gari ya wagonjwa njia ya kwetu. Kama ningefungua mdomo ningelia, na kama ningelia ningefungua nguzo.

Tukambeba. Nesi na dereva mbele, kaka na yule askari nyuma, mimi natangulia nikiwaomba watu njia. Si mbali. Siku nyengine ni mwendo wa kumaliza kikombe cha kahawa. Siku ile kila mtoto aliyegusa machela nilisikia mama akivuta pumzi. Hakupiga kelele hata mara moja. Tulipofika kwenye nguzo ikabidi machela iinuliwe juu ya vichwa vya watoto, ndipo alipofumbua macho, akaniona.

Kaka hakusema nami hospitali. Alfajiri daktari alitueleza kwamba mfupa umevunjika tangu pale ngazini, na kubebwa hakukuuongezea kitu. "Maumivu tu," alisema. Kaka alilirudia lile neno, "tu," akatoka nje.

Mama alifanyiwa operesheni, akalala hospitali, halafu kaka akamchukua nyumbani kwake shamba, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Nilikuwa nakwenda kila Ijumaa. Nilimwogesha, nikamkanda, akanijibu mambo ya chakula na dawa, basi. Ijumaa moja, natia maji kwenye birika, akaniuliza:

"Angekuwa mama wa mtu mwengine ungefungua?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikaa kitako kwenye mkeka.

"Ningefungua," nikamwambia. "Niliogopa gari, mama, lakini niliogopa na watu. Wasije wakasema ameweka nguzo kwa ajili yetu sote, akamfungulia mamake."

"Kumbe ndiyo hivyo," akasema. "Mimi nilidhani umenisahau." Akanyoosha mkono nimpe kikombe. Hakusema kwamba amenisamehe na mimi sikumwuliza, lakini jioni ile alimwambia kaka anisindikize kituoni, na kaka alinisindikiza. Njiani tukazungumza habari za mvua.

Nilirudi ofisini nikaandika upya utaratibu mzima. Siku za sikukuu pikapu yetu ya taka iwe pale tangu asubuhi. Nguzo ikibidi kufunguliwa, gari ya wagonjwa ikishapita tu, pikapu ikae kwa ubavu, kukinga njia nzima, mpaka nguzo irudi mahali pake. Askari wawe wanne, na ufunguo usikae kwa mtu mmoja. Mkubwa wangu alisoma, akauliza kwa nini hatukufikiri hivi tangu mwanzo. Nikamsogezea kalamu atie saini.

Idi iliyofuata mwanamke mmoja alishikwa na uchungu nyumba ya pili kutoka kwetu. Nguzo ikang'olewa, gari ikapita polepole, watoto wakasogezwa ukutani, pikapu ya taka ikaziba njia kama nilivyoandika. Kila kitu kilikwenda sawa. Mwanamke akapakiwa, pikapu ikasogea kidogo kumpisha, ikaziba tena, nguzo ikarudi shimoni, nikasikia kufuli likilia.

Nikagutuka. Nilikuwa nimesimama mbele ya pikapu yetu wenyewe, mikono miwili nimeinyoosha, viganja kwenye bodi yake kama ninayeisukuma. Dereva alikuwa ananitazama kutoka dirishani.

"Bi," akaniambia taratibu, "mimi nshazima gari zamani."