Zambia Tuliyoichora kwa Udongo Kabambare

Siku yangu ya kwanza ya kazi niliingia darasa la tano la shule moja ya msingi hapa Kasongo nikiwa na kijiti cha chaki na fishi ya somo. Fishi ni karatasi ambayo mwalimu anaandikia somo lake hatua kwa hatua kabla ya kusimama mbele ya watoto. Enzi zetu, asiye na fishi hakuthubutu kushika mlango wa darasa. Yangu ilisema: "Zambia, nchi isiyo na bahari." Direktere, yaani mkuu wa shule ya msingi, alikaa benchi la nyuma anisikilize.

Nilianza vizuri. Nikasema mji mkuu ni Lusaka, pesa yao kwacha, lugha ya serikali Kiingereza, na mali yao kubwa ni shaba, kama majirani zao wa Katanga. Nikataja nchi nane zinazoizunguka: sisi wenyewe, Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Angola. Ndipo binti wa muuza chumvi akainua kidole.

"Mwalimu, kama hawana bahari, maji ya mvua yao yanaenda wapi?"

Sikujua. Nikajibu, "Yanakauka." Darasa zima likaandika.

Baada ya kengele direktere aliniita. "Umewapa watoto sitini uongo mmoja," alisema bila kupandisha sauti. "Kesho utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikosea."

"Utawaambia ulikosea, halafu utawapa jibu. La kwanza peke yake halitoshi."

Baba yangu, muuza vitenge wa mtaa wa Waislamu, alifunga duka mapema akanisindikiza mpaka maktaba ya mapadri. Padri mzee alinifungulia kitabu cha ramani, kikubwa kama meza. Nilifuata mito kwa ncha ya kidole. Zambezi inashuka mashariki mpaka Bahari ya Hindi, hilo nililitazamia. Lakini kaskazini ya Zambia niliona mto mwingine, Chambeshi. Unaingia kwenye vinamasi vya Bangweulu, unatoka ukiitwa Luapula, unapita ziwa Mweru, kisha kwa jina la Luvua unajitupa ndani ya Lualaba. Lualaba yetu! Nilimwita baba aone. Aliinamia kitabu, akasema, "Kumbe tunaoga maji ya wageni."

Kesho yake niliwarudishia watoto jibu lao. Tangu siku ile sikuona haya tena kusema "sijui".

Baada ya miaka kadhaa nilirudi masomoni, nikapata haki ya kufundisha jiografia kwenye shule ya sekondari. Barua ikanituma Kabambare. Mume wangu, fundi cherehani, alifunga mashine yake kwenye pikipiki moja, mimi na masufuria tukapanda nyingine, na njia ile mbaya ikatulaza mara mbili kabla hatujafika.

Mkuu wa shule ya sekondari huitwa prefe. Wa kwangu alikuwa Mubangubangu, mtu wa kabila la pale, mrefu, mpole, mwenye wasiwasi mwingi. Alinifungulia kabati akanionyesha ramani pekee ya Afrika aliyokuwa nayo. Mchwa walikuwa wamekula bara lote, wakabakiza Misri na kipande cha Libya.

"Mama Mwalimu," alisema, "enspekta wa shule iko njiani. Akituandika vibaya, mwaka wa sita hautakubaliwa."

Maana yake ilikuwa nzito. Mwaka wa sita ndio wa mwisho, unaofungwa na mtihani wa Leta, mtihani wa serikali. Darasa lisilokubaliwa halina ruhusa ya kuufanyia pale pale. Wanafunzi wangelazimika kuhamia Kasongo. Wavulana wachache wangeweza. Wasichana, wazazi wao walishaniambia, wangebaki nyumbani. Walikuwa kumi na mmoja.

Niliwapeleka wanafunzi nyuma ya madarasa na majembe. Tulichora Afrika ya kati juu ya ardhi, pana kama nyumba. Mipaka tuliitia pemba, ule udongo mweupe, milima tuliifinyanga, mito tuliichimba ili ipitishe maji kweli. Mvua iliifuta mara mbili, tukaanza upya mara mbili. Sokoni walicheka: "Yule mama wa Kasongo anafundisha watoto wakubwa kucheza udongo." Hata prefe alinisihi niache. Nilimwambia, "Bwana Prefe, kama uko na ramani nyingine nipe, nitaacha leo." Akarudi ofisini.

Enspekta alifika na vumbi mpaka kwenye kope. Aliingia darasani, akatazama kuta tupu.

"Ramani iko wapi?"

"Iko nje, Bwana Enspekta."

Alitufuata. Akafungua programu ya masomo, akashusha kidole popote. "Nchi zisizo na bahari. Zambia."

Wanafunzi wanane walisimama kuzunguka Zambia, kila mmoja akataja nchi yake na mpaka wake. Wengine wakasema Lusaka, kwacha, shaba. Enspekta aliandika bila kuinua kichwa. Kisha akamwelekezea kalamu msichana mmoja, Furaha, ambaye mama yake ni wa Nyangwe.

"Wewe. Zambia inapata hasara gani kwa kukosa bahari?"

"Bidhaa zake zinapita kwa majirani, bei inapanda," Furaha alijibu. "Lakini Zambia haina bahari, na inalisha bahari mbili."

Kalamu ilisimama. "Mbili? Mutoto, Zambezi ni moja."

Furaha hakubishana. Alichukua kibuyu cha maji, akamimina Chambeshi. Maji yakatambaa, yakajaza Bangweulu, yakapinda Luapula, yakavuka Mweru, yakaingia Lualaba. "Hapa ni Nyangwe," alisema. "Mjomba wangu anavua hapa. Kutoka hapa yanaenda mpaka Atlantiki."

"Nani amekufundisha hivyo? Lualaba inaanzia Katanga."

"Inaanzia Katanga, Bwana Enspekta, lakini haiendi peke yake."

Prefe alifumba macho. Enspekta akatoa kitabu chake cha ramani mkobani, akachuchumaa kando ya udongo wetu, akafuata kwa kidole, mto kwa mto, kama mimi zamani. Mwishowe akainuka, akajipangusa magoti.

"Mutoto iko na haki," alisema. Akanigeukia. "Mama, nimefanya kazi hii miaka mingi. Hili sikulijua."

Mwaka wa sita ulikubaliwa. Matokeo ya mtihani yalipotangazwa, Kabambare yote ilikuwa nyeupe kwa poda: ndivyo kwetu tunavyomwagia kichwa aliyefaulu. Wasichana wote kumi na mmoja walipita. Prefe mpole alicheza barabarani bila viatu, na wale mama wa sokoni waliocheka walinimwagia mimi poda mpaka sikuona njia.

Baadaye niliteuliwa kuwa prefe mimi mwenyewe, huko Salamabila, ambako dhahabu inavuta wanafunzi kutoka darasani. Wengi walinishinda, wakaenda kuchimba. Wengine niliwarudisha, mmoja mmoja, kwa kuwafuata mpaka shimoni.

Sasa nimepumzika Kasongo. Walimu vijana wananijia Jumamosi, wanalalamika kwamba hawana vifaa, na ni kweli hawana. Siwaambii kwamba vifaa si muhimu. Ningekuwa na ramani, nisingechimba. Ninawaambia tu kwamba kazi yetu haingoji.

Shule ile ya Kabambare leo ina walimu wawili wa jiografia. Wote wawili ni wanawake, na wote wawili walipitia mikononi mwangu. Mwezi uliopita waliniandikia kunisahihisha jambo moja nililowafundisha kuhusu Malawi. Niliangalia. Wana haki.