Mwezi Mwandamo Chini ya Mtambo

Sheikhan alikuwa mfua shaba wa Mji wa Kale, Mombasa, na muadhini wa msikiti mdogo nyuma ya karakana yake. Chombo hakikutoka mikononi mwake bila mwezi mwandamo aliougonga chini ya kitako, kama alivyofanya marehemu babake. Kwake kazi isiyo na alama ilikuwa kama mtoto asiye na jina.

Mwaka wa arobaini na tatu vita vilimeza mafuta yote ya magari. Lori la Kamaludin, kaka wa mkewe Mwanakuu, lilikaa Makupa hadi kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Siku moja Kamaludin akaja karakanani na ile sauti yake tamu, mpole kuliko kawaida. Mtu wa kelele akiwa mpole ghafla, jishike. Sheikhan hakujishika.

"Shemegi, nitengezea mtambo wa kukanza tembo la mnazi. Mvuke wake ukipoa watoka spiriti, na spiriti yaendesha gari. Minazi tunayo, petroli hatuna."

Muadhini na tembo wapi na wapi? Sheikhan aliliwaza jambo hilo juma zima, mwisho akakubali kwa sharti: kila debe litiwe mafuta ya taa papo hapo, asije mtu akalinywa.

"Wallahi nitayatia kwa mkono wangu," Kamaludin akasema.

Mtambo ukatoka mzuri, na kwa mazoea Sheikhan akaugonga mwezi wake. Ukapelekwa Kisauni kwenye minazi, na lori likaanza kunguruma tena. Sheikhan alifurahi kama mtoto. Kahawani alijigamba kwamba gari la shemeji yake lanywa tembo, naye ndiye anayelinywesha. Watu walicheka sana, naye akacheka nao. Hakujua kwamba Majengo nzima yajua wanywaji wenyewe ni nani, na kwamba pesa zao ndizo zinunuazo petroli ya lori.

Kisha askari wakaja na mtambo begani, Kamaludin yuko nao.

"Mimi niliubeba tu, bwana. Lori langu laenda kwa petroli, muipime mukitaka. Mwenye mtambo ni huyu. Tazameni kitako."

"Uliniapia, Kamaludin," Sheikhan akasema.

"Mimi siyui mambo ya mitambo. Alama si yangu."

Askari akamuuliza Sheikhan kama ule mwezi ni wake. Angaliweza kukana. Lakini kuikana kazi ya mkono wake, na ya babake, hakuweza. Akaitikia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekula wali wa Mwanakuu miaka yote.

Akafungwa kwa kosa la kupika pombe haramu. Alipotoka, jamaa wa msikitini walimwamkia vizuri, kisha wakasogea mbali naye. Nafasi yake ya muadhini ilikwisha kupewa mwingine. Ijumaa adhuhuri alikuwa karakanani, nyundo mkononi, adhana ikaanza. Aliijua ile sauti tamu tangu neno la kwanza.

Ada ni kwamba anayesikia adhana humwitikia muadhini neno kwa neno. Sheikhan akaiweka nyundo chini, akamwitikia Kamaludin hadi mwisho.