Ndama Aliyembeba Mama Yake

Marlys Wiebe alikuwa na uchovu wa zamani, ule unaoamka kabla ya mwenyewe na kumngojea jikoni. Alikuwa amezoea. Huko kwao, jimboni Saskatchewan, wakati wa baridi ukitema mate yanakudondokea mguuni kama kokoto, na anayebisha aende akajaribu.

Kazi yake, aliyoifanyia mezani pa kulia chakula, ilikuwa kumgeuza ng'ombe kuwa maandishi. Mfugaji akitaka kusafirisha mifugo, programu ya Marlys humchukua kila mnyama, namba ya hereni yake ya sikioni, umri, chanjo, mama aliyemzaa, ikamkunja mzima kuwa mstari mmoja mrefu na kumtuma mtandaoni hadi kwenye huduma ya usajili wa mifugo. Huko humkunjua, humkagua, na kujibu: amepokelewa. Bila jibu hilo lori haliondoki.

Adhuhuri hiyo lori la mfugaji Cornie Dueck lilikuwa limeshapakia ng'ombe na ndama wao, na redio imetangaza kwamba dhoruba ya theluji itafunga barabara kabla ya jioni. Jibu halikuja.

Cornie akapiga simu. "Dada Marlys, umelala? Ng'ombe wangu wanaota barafu puani! Nikikwama, nakuletea wote uwalaze kitandani kwako."

"Walete. Mume alishaondoka, nafasi ipo."

"Na mimi je?"

"Wewe unanuka kuliko wao. Kata simu nifanye kazi."

Kompyuta ilikuwa inachemka. Feni yake ilivuma hadi pazia likapepea, na paka akahamia juu ya kabati. Marlys alipotazama kilichokuwa kinakunjwa, akashika kichwa. Asubuhi, macho yamejaa usingizi, alikuwa ameongeza kitu kidogo tu: kila ng'ombe aonyeshwe pamoja na ndama wake. Sasa programu ilimkunja ndama, ndani yake ikamkuta mama, ndani ya mama ikamkuta ndama yuleyule, ndani ya ndama mama tena. Kifurushi kikanenepa bila kufungwa mdomo. Ndama mmoja alikuwa amejaza malisho yote hadi mpaka wa jimbo jirani la Alberta, na bado kwato zake hazijaingia.

"Marlys!" mama yake, Bi Tina, aliita kutoka chumbani, alikolala na miguu yake mibovu. "Umekula?"

"Bado, Mama. Wewe kula, sahani iko hapo."

"Nitakulaje na wewe hujala?"

"Na mimi nitakulaje na wewe hujala?"

Ndivyo walivyoshinda tangu asubuhi, vereniki zao, vile vifuko vya unga vilivyojazwa jibini, zikipoa huku na huku.

Marlys akasimamisha kila kitu. Akaandika upya: ndama asimbebe mama mzima, abebe namba ya hereni ya mama tu. Akatuma. Kifurushi kikatoka chembamba kama uzi, na jibu likarudi kabla hajapiga mwayo: wamepokelewa.

"Dada!" Cornie alipiga kelele simuni. "Nikifika salama nakuombea mume!"

"Niombee usingizi."

Lori likapita mbele ya dirisha likipiga honi, theluji ya kwanza ikilifuata nyuma. Marlys akabeba sahani yake hadi chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akatia vereniki moja mdomoni.

"Haya, Mama. Nimeanza."

"Umetafuna?"

"Nimetafuna."

Bi Tina akachukua uma wake. Alipoinua macho kusifu jibini, binti yake alikuwa ameshalala akiwa ameketi, vereniki ya pili imemvimba shavuni.