Ukuta wa Kisimani

Miaka ile ya tisini mifereji ya maji majumbani mwa Mji wa Kale ilikuwa mapambo tu. Wafungua, wasikia upepo. Mtaa wetu mzima ulitegemea kisima kimoja cha zamani nyuma ya nyumba yetu, na mama, aliyekuwa na mgongo mbovu, alishukuru Mungu kila siku kwamba kiko karibu. Kisha akatokea tajiri mmoja na hati ya kiwanja kile, Mungu ajua kaipata wapi, akaamua kukizungushia ukuta.

Na fundi aliyeitwa kuujenga ni nani? Baba yangu!

Lo, nilivyowaka! Nilikuwa msichana mkubwa, nauza leso katika duka moja la Biashara Street, na mdomo wangu haukujua kutulia. "Baba, wajenga ama watuua?" Akanijibu, "Nisipojenga mimi atajenga mwingine, naye atajenga kweli." Sikumfahamu mpaka Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini na nyundo zao, na baba yuko mbele. Ukuta ukaporomoka kwa mapigo machache. Alikuwa ameutia mchanga tele na simiti ya kuonjesha tu.

Tajiri, ambaye hakuwapo kumwona baba, wala hakujua simiti wala chokaa, akawatukana wenye nyundo, kisha akamwita fundi yule yule. Baba akajenga. Ijumaa ukaanguka. Ikawa ndiyo desturi: ukuta wapanda, ukuta washuka, watu wacheka, baba apata riziki, mama ateka maji. Mimi tu ndiye niliyekosa raha. Wazee walikwenda ofisi ya ardhi kushitaki, wakaambiwa jambo lao lashughulikiwa. Afisa yule akahamishwa, akaja mwingine, naye akasema lashughulikiwa, ila yeye alitabasamu vizuri zaidi. Nikamwambia mama, "Hapa hatujaondoa kitu. Tumekizoea tu." Mama akasema, "Wewe una kimuhemuhe. Kaa kitako ule."

Siku moja baba alinipitia dukani turudi pamoja. Kwenye baraza ya kahawa hapo jirani walikaa mafundi wawili wa mtaa wa Ganjoni. Mmoja akamnyooshea kidole. "Huyu ndiye fundi wa kuta za biskuti! Hata paka akiruka juu, zaanguka." Baraza nzima ikaangua kicheko. Baba naye akacheka, lakini nyumbani hakugusa sahani yake.

Tajiri alipomwita tena, baba alichekecha mchanga kwa mikono yake. Akapima simiti sawasawa, akapanga mawe kwa uzi na timazi. Kisha asubuhi na jioni akawa aumwagilia ukuta maji ili ushike, maji ya kisima kile kile, mpaka tajiri alipotia mlango wa chuma na kufuli. Nikamuuliza, "Baba, na huu utaanguka?" Akasema, "Ondoka kwenye vumbi, mwanangu."

Ijumaa wanaume wakaja kama kawaida, wakitaniana. Wakapiga. Nyundo zikaruka. Jirani mmoja akapiga mpaka mpini ukavunjika, na ukuta haukudondosha hata chembe. Utani ukaisha. Mmoja mmoja wakamgeukia baba. Naye alikuwa akiupitishia kiganja ukuta wake, na wallahi nilimwona, alishindwa kuzuia tabasamu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu. Akatoka, akaitua miguuni mwa baba mbele ya watu wote.

"Hongera, bwana. Kazi nzuri. Sasa kisima kilichobaki kiko kule nyuma ya soko, na mgongo wangu haufiki."

Baba akaiokota ndoo. Aliteka maji kule siku zote mpaka alipofariki, na ukuta ule mpaka leo hauna hata ufa.