Dona, Dagaa na Damu Niliyoimwagia Maji

Choo changu cha kijijini Nkowe ni shimo na magogo, na shimo halimwambii mtu kitu. Unachuchumaa, unatawaza, unatoka. Ndiyo maana sijui damu ilianza lini. Niliiona mara ya kwanza Nachingwea, nyumbani kwa mwanangu. Wao wana sinki jeupe la kuchuchumaa, na juu ya kitu cheupe damu haijifichi.

Nilikwenda kumwogesha mjukuu. Mkamwana wangu alikuwa amejifungua. Ni mwalimu, mtu wa kanda ya ziwa aliyeletwa huku na kazi, na mama yake yuko mbali, basi kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilipanda bodaboda mpaka Ruangwa, halafu gari, na kiroba cha unga mapajani. Unga wa mahindi niliyoyakoboa kinuni kwa mikono yangu, nikayaloweka, nikayaanika, nikayatwanga hadi ukawa mweupe kama pamba. Kwetu ugali ndio unaomtangaza mwanamke. Ukiwa mweupe, watu wanajua nyumba hii ina mtu. Pumba ni za kuku.

Yeye alikuwa anapika dona. Mahindi mazima, na pumba zake na kiini chake, yamepita mashineni hivyo hivyo. Mboga ni dagaa na vichwa vyao, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa ufuta uliotwangwa. Hilo la ufuta lilinikera kuliko yote. Nimelima ufuta tangu sijaolewa. Tunaukata, tunaufunga matita, tunaukung'utia kwenye turubai, na punje iliyorukia pembeni tunaifuata kuiokota, maana ufuta ni wa ghalani, unasubiri mnada. Sijawahi kuona mama yangu akiutia chunguni. Nikamwambia mwanangu kwamba mkewe ni mvivu wa kutwanga. Mkewe alikuwa hapo hapo jikoni. Alinipakulia.

Siku ya nne ndipo nikaona damu. Nikamwaga maji kopo la kwanza, la pili, nikatoka. Nikajisemea ni bawasiri, kama ya kaka yangu. Kaka yangu alikaa nayo miaka, anakunywa mizizi, hakumwambia mtu mpaka alipokonda na tumbo likajaa. Tulimzika Nanganga tukisema ni bawasiri, na hakuna daktari aliyemtazama. Nilikuwa najua yote hayo, na bado nikamwaga maji. Mtu mzima kama mimi, nimwambie nani habari za huko nyuma?

Nilificha hivyo siku kadhaa. Asubuhi moja mkamwana akanijia na mtoto begani.

"Mama, chooni kuna damu. Ni ya nani?"

"Yako. Si umejifungua juzi?"

"Yangu naijua."

"Basi ni choya, ile juisi nyekundu. Nilikuwa nakunywa, ikamwagika."

"Unakunywa choya chooni, mama? Na choya yenyewe humu ndani hatuna."

Akasema kwamba kwa ugali nimtukane nitakavyo, lakini kwa hili haniachii, tunakwenda hospitali. Nikamwambia sivui nguo mbele ya vijana walio sawa na wajukuu wangu. Mwanangu alikuwa amekwisha kumsimulia habari za mjomba wake, maana mkamwana aliniuliza taratibu tu: "Mjomba siku ya kumwosha, walimwona watu wangapi?"

Nikaenda kutafuta kitenge changu.

Hospitali walipima choo, wakaandika karatasi ya rufaa niende hospitali kubwa, huko wanakotazama utumbo kwa kamera. Ni mbali. Arobaini ya uzazi haikuwa imetimia, na kwetu mzazi hatoki kabla ya hapo, sembuse kupanda basi alfajiri. Nikasema nitakwenda na mwanangu. Mkamwana akanikatalia. Akasema mwanangu ataniona haya na mimi nitamwona haya, mwisho tutarudi bila kupimwa. Akamfunga mtoto mgongoni, tukaondoka.

Sitaeleza mengi. Unanyweshwa dawa ya kusafisha tumbo, maji mengi, na unakwenda chooni mpaka kinachotoka kinafanana na maji ya mvua. Kisha wanakuchoma sindano ya usingizi. Nilipozinduka, daktari, kijana kweli kama nilivyoogopa, alinieleza kwamba amekuta vinyama viwili vimeota ndani ya utumbo mpana, vina shina kama uyoga, na vyote amevikata. Alisema vinyama vya namna hiyo si saratani, ila vingine vikiachwa miaka hugeuka kuwa saratani. Tungoje majibu.

Tulingoja. Siku hizo sikusema lolote kuhusu chakula cha mtu. Majibu yalipotoka, kimoja kilikuwa kimeanza kubadilika, lakini kimetoka chote. "Umewahi, mama," daktari akasema.

Nikamuuliza vinatokana na nini. Hakunidanganya. Alisema umri, damu ya ukoo, na chakula pia, ila kwa mtu mmoja hawezi kuonyesha kidole kwamba ni hiki. Akaniuliza nakula nini, nami nikamweleza ugali wangu, tena kwa majivuno. Akasema zile pumba ninazowapa kuku ndizo zenye nyuzinyuzi na madini, magnesiamu na mengine. Kalsiamu, ile ya mifupa, iko kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, kwenye ufuta usiokobolewa, kwenye majani. Watu wanaokula hivyo huonekana kuota vinyama kwa uchache. Mkamwana alikuwa kwenye benchi ananyonyesha. Angecheka ningepata la kumwambia. Hakucheka.

"Kwa hiyo nikila dona sirudi hapa?" nikauliza.

"Utarudi. Chakula kinasaidia, lakini hakioni ndani, kamera ndiyo inaona. Rudi baada ya miaka mitatu. Na vidonge vya madini vinavyouzwa barabarani usinunue, kula chakula. Na wanao waambie wakapimwe."

Mwanangu alilalamika sana. Mkewe akampeleka.

Niliporudi Nkowe nilipeleka mahindi mashineni bila kukoboa, na jirani yangu akanicheka, akasema uzee umenifikia. Nikamwambia naambiwa nile madini. Akasema basi nikachimbe, Ruangwa yamejaa. Lakini akaomba kuonja ile mboga ya ufuta, na bakuli alilirudisha tupu.

Mwaka huu miaka mitatu imetimia, tukarudi. Walitazama, hawakukuta kitu. Kwenye basi la kurudi nilikaa dirishani, mkamwana pembeni yangu, mtoto siku hizi anakaa kiti chake mwenyewe na anasumbua. Sikulelewa kumshukuru mkamwana. Mkamwana anafanya, wewe unapokea. Lakini nilikuwa nimebeba neno hilo miaka mitatu.

"Mwalimu," nikasema, "ningekuwa nimezikwa karibu na kaka yangu. Ulinichukua na kichanga mgongoni, sikukuomba, na nilikuwa nimekutukana. Ahsante."

Alimkalisha mtoto vizuri kitini kwanza.

"Niliogopa sana safari ile, mama," akasema. "Niliogopa ungefia njiani, ndugu zako waseme yule wa kuja amemuua mama yetu."

Katika miaka yote ile jambo hilo halikuwahi kunijia kichwani. Nikawapitisha ndugu zangu akilini mmoja mmoja. Wangesema. Na ingekuwa mgonjwa ni dada yangu na mkamwana ni wake, wa kwanza kusema ningekuwa mimi.