Profesa Aliyekuja Siku ya Mtihani

Asubuhi ya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha Bukoba, nilikuwa nimeshavaa gauni la shule na kujipaka samli miguuni. Mara katekista akaingia uani kwetu Muleba akiwa na Mzungu. Mtihani ulikuwa ufanyike misheni saa nne, na ukiukosa, umeukosa moja kwa moja.

"Huyu ni profesa," katekista alimwambia baba kwa Kihaya. "Anachunguza jinsi walimu wanavyopatikana."

Baba alikuwa mtu wa migomba na kahawa, darasani hakuwahi kukanyaga. Alinivuta nyuma ya nyumba, uso unamng'aa.

"Mtihani umekufuata nyumbani. Huendi popote."

"Tata, mwalimu alisema twende misheni."

"Mwalimu na profesa, nani mkubwa?"

Hapo mpaka leo sijaona pa kumpinga. Tungeweza kumwuliza mgeni amefuata nini, lakini kwetu huko ni kukosa adabu. Mgeni husema mwenyewe akipenda. Huyu hakusema. Nilipiga magoti nikampa punje za kahawa za kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni, naye akazimeza nzima nzima, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Nikawaza, au hili ndilo swali la kwanza?

Maswali yenyewe yalinivuruga zaidi. Katekista akitafsiri, profesa aliuliza nani huteka maji, nani hupika mama akiwa shambani, nani aliamua nisome. Mimi nilikuwa nimekariri mito na Amri za Mungu! Nikaona labda ualimu wa Waingereza ni kuteka maji. Nilijibu yote kwa sauti kubwa, ya mtu anayetaka kufaulu.

Kisha akamwuliza baba kuhusu akili yangu. Baba, kama mzazi yeyote wa kwetu asiyetaka kumsifu mtoto wake mbele ya mgeni, akasema, "Huyu? Hajui lolote, tunamvumilia tu." Katekista naye, Mungu amsamehe, akatafsiri hivyo hivyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Profesa alikula ndizi zetu, akashukuru sana, akanipa mkono. Baba akasema huo mkono ndio kufaulu kwenyewe. Niliamini, kisha sikuamini, kisha nikaamini tena.

Kesho yake sista aliyekuwa akitufundisha alinikuta kwenye mlango wa darasa.

"Ulikuwa wapi, mwanangu? Tulikungoja, wenzako wakaanza bila wewe."

"Nilifanyia nyumbani, Sista. Kwa profesa."

Aliketi. Akanieleza taratibu kwamba yule bwana hachagui mtu. Kazi yake ni kutafuta kwa nini wasichana wa huku hawafiki chuoni.

Maneno niliyasikia yote, ila hayakuingia.

"Sasa, Sista," nikamwuliza, "alisema majibu yangu ni mazuri?"